Mbwa si broila: kwa nini mbwa wa aina kubwa anapaswa kukua polepole

Ingia katika kundi lolote la WhatsApp la wafugaji wa mbwa Nairobi, hutakosa picha ya mtoto wa Rottweiler aliyenona kama mto wa kochi. Tumbo limeshuka, shingo ina mikunjo, na chini ya picha muuzaji ameandika: "Miezi 4, kilo 28, mifupa mizito." Hapo wenye mbwa wengine huingiwa na wasiwasi. Kuna aliye na German Shepherd wa miezi 5, kilo 19, miguu mirefu kama ya ndama, mbavu zake unazipata ukimpapasa. Anauliza kama amnunulie kalsiamu, kama amwongezee ugali, au kama aliuziwa chotara. Majibu humiminika, kila mtu na lake.

Kati ya mbwa hao wawili, wa kuhofia ni yule wa kilo 28. Huyo wa kilo 19, mradi anacheza, anakula na manyoya yake yanang'aa, yuko pale anapotakiwa kuwa. Ili kuona kwa nini, inabidi tutenganishe mambo ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa kuwa kitu kimoja: uzito, ukubwa na ukomavu.

Mbwa wa aina kubwa ni yule ambaye akikomaa hupita kilo 25 hivi. Humo wamo Labrador, German Shepherd, Rottweiler na Boerboel. Wanaopita kilo 45 huhesabiwa kuwa majitu: Great Dane, na madume mengi ya Boerboel na Rottweiler. Chotara naye yumo ikiwa mzazi mmoja ametoka upande huo. Mifupa haisomi cheti cha ukoo.

Kukomaa ni saa kadhaa zinazokwenda kwa mwendo tofauti ndani ya mwili mmoja. Meno ya utu uzima hukamilika kati ya miezi 6 na 7. Urefu wa mifupa husimama baada ya mwaka, na kwa majitu hukaribia mwaka na nusu. Kifua na kichwa huendelea kujaa hadi miaka 2 au 3. Mbwa mdogo wa kukaa sebuleni huwa amemaliza kukua kwa miezi 8 hadi 10, na ndiyo maana aliyewahi kumfuga Maltese humwona Rottweiler wa miezi 12 kuwa mtu mzima. Bado.

Uzito wenye afya nao hausomwi kwenye mizani peke yake. Ni kiasi cha mafuta yaliyoko baina ya ngozi na mbavu. Majike wawili wa German Shepherd wanaweza kuwa na kilo 26 kila mmoja, mmoja akiwa sawasawa na mwingine akiwa amenenepa, kwa sababu fremu zao si sawa.

Kinachoendelea ndani ya mfupa

Great Dane huzaliwa na nusu kilo au zaidi kidogo. Miezi 18 baadaye ana kilo 50 na ushei, karibu mara 80 hadi 100 ya uzito aliozaliwa nao. Mtoto wa binadamu anayezaliwa na kilo 3 huchukua miaka 18 kufika kilo 60, nayo ni mara 20 tu. Katika wanyama tunaoishi nao nyumbani, ni wachache wanaopandishwa mlima mkali namna hiyo kwa muda mfupi hivyo.

Urefu wa mfupa huongezeka mahali pamoja maalumu, karibu na ncha zake, penye tabaka jembamba la gegedu liitwalo bamba la ukuaji. Gegedu unalijua: ni ile sehemu nyeupe laini unayoitafuna mwishoni mwa mfupa wa paja la kuku. Broila wa wiki 6 ana gegedu tele, na mfupa wake unakatika kwa meno. Jogoo wa kienyeji wa mwaka mzima ana mfupa mgumu, huo utaishia kuunyonya tu. Mabamba ya mbwa wa aina kubwa hufungamana na kuwa mfupa kamili kati ya miezi 7 na 18, moja baada ya jingine. Kabla ya hapo, kilo zote za mbwa zimekaa juu ya kitu laini.

Aliyefuga broila anajua kinachofuata. Katika kila kundi hutokea wanaoshindwa kusimama kabla ya siku ya kuuzwa, kwa kuwa nyama imeitangulia miguu. Kwa broila mfugaji anaweza kuvumilia, maana maisha yake yanahesabiwa kwa wiki. Mbwa unataka akae nawe miaka 10 na zaidi.

Mguu wa mbele una mifupa miwili iliyolala sambamba kati ya kiwiko na kifundo. Ule mwembamba wa nyuma hupata karibu asilimia 85 ya urefu wake kutoka bamba moja tu la chini, na bamba hilo lina umbo la koni, kama faneli, kwa hiyo hubanwa kwa urahisi mbwa akitua vibaya. Likiumia na kuacha kukua, mfupa wa pili hauachi. Unaendelea kurefuka huku mwenzake ameushikilia, na matokeo ni kama upinde uliofungwa uzi: mguu unapinda kuelekea mbele na kanyagio linageukia nje. Hapo dawa ya kunywesha haifai kitu tena. Ni upasuaji, na mapema.

Hitilafu nyingine huja polepole zaidi. Nyonga ni tufe linalozunguka ndani ya kikombe. Mbwa mchanga akiwa mzito, tufe huchezacheza ndani ya kikombe ambacho bado kinajifinyanga, na kikombe huishia kuwa na kina kifupi na bapa. Urithi wa wazazi una sehemu kubwa hapa, ila urithi hufungua mlango tu. Uzito ndio unaosukuma.

Chakula kingi hakimfanyi kuwa mkubwa zaidi

Hii ndiyo imani ngumu kuliko zote kuing'oa, na ina mantiki yake, kwa sababu aliyeshibishwa huonekana mkubwa kuliko ndugu zake katika mwezi wa 4. Lakini urefu wa mwisho umeandikwa katika damu ya wazazi. Chakula cha kutosha kinampeleka huko. Chakula cha kupita kiasi kinampeleka haraka zaidi, mahali palepale, akiwa na mafuta juu. Anayekua polepole hufika baadaye kidogo akiwa na viungo vizima.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 1974 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto wa Great Dane waliolelewa kwa chakula kilekile. Kundi moja lilikula litakavyo, jingine likapewa theluthi mbili ya kiasi hicho. Waliokula watakavyo ndio waliopata kasoro za mifupa na viungo kwa wingi. Baadaye, kuanzia 1987, Labrador 48 walipangwa wawili wawili kutoka uzao mmoja, mmoja akapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake maisha yake yote. Matokeo yalitoka 2002. Waliopunguziwa walikuwa na nyonga bora tangu wakiwa na miaka 2, ugonjwa wa viungo uliwachelewa kwa miaka, na umri wao wa kati ulikuwa miaka 13 dhidi ya 11.2 ya wenzao. Karibu miaka miwili zaidi ya kuishi, na hakuna kilichobadilishwa isipokuwa bakuli.

Kumpima kwa mkono

Kunja ngumi ya mkono wa kushoto. Pitisha vidole vya mkono wa kulia juu ya vifundo vya ngumi hiyo: unagonga mfupa mtupu. Mbavu za mbwa zikihisika hivyo, amekonda mno. Sasa kunjua mkono, uweke wazi, kisha upapase upande wa chini, kwenye nyama ya kiganja chini ya vidole: mfupa upo ila inabidi ubonyeze. Mbavu zikihisika hivyo, amenenepa. Mwisho geuza mkono ulionyooka, upapase mgongo wake, pale vidole vinapoanzia: mfupa unaupata bila kubonyeza, umefunikwa na ngozi nyembamba. Hivyo ndivyo mbavu za mbwa mchanga wa aina kubwa zinavyotakiwa kuhisika chini ya vidole vyako.

Ukimaliza mbavu, simama juu yake umtazame mgongoni. Nyuma ya mbavu lazima kiuno kiingie ndani. Kisha chuchumaa umtazame ubavuni: mstari wa tumbo unapanda kuelekea miguu ya nyuma. Madaktari wa mifugo hutumia kipimo cha alama 1 hadi 9, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 9 ni mnene wa kupindukia. Mbwa mchanga wa aina kubwa mweke kwenye 4, au 5 kwa nadra. Kila alama juu ya 5 ni kama asilimia 10 ya uzito wa ziada. Wa manyoya marefu macho hudanganya, kwa hiyo mkono ndio mizani yako. Fanya hivi kila wiki, siku ileile, kabla ya kumlisha.

Tumbo lililojitokeza kama ngoma ilhali mbavu na uti wa mgongo vinaonekana si unene. Mara nyingi ni minyoo. Mtoto wa mbwa hupewa dawa ya minyoo kila wiki 2 tangu wiki ya 2 hadi ya 12, kisha kila mwezi mpaka miezi 6. Kumwongezea ugali mbwa mwenye tumbo la minyoo ni kuwalisha minyoo.

Mizani nayo ina kazi yake, hasa kuonyesha mwendo. Panda mizani ya bafuni ukiwa umembeba, shuka, panda peke yako, kisha toa. Akizidi kilo 25 mgongo wako utakataa. Mpeleke kwa daktari wa mifugo au agroveti yenye mizani ya sakafuni. Mbwa wa aina kubwa akifika miezi 6 huwa na kama asilimia 60 hadi 65 ya uzito wake wa mwisho, na majitu huwa nusu tu au zaidi kidogo. Kwa hiyo dume wa German Shepherd atakayefika kilo 35 hutarajiwi kumkuta juu ya kilo 23 hivi akiwa na miezi 6.

Bakuli lina kiasi gani?

Kipimo cha kuanzia hupatikana kwa simu yako. Chukua uzito wa mbwa kwa kilo, uzidishe kwa wenyewe (kilo × kilo × kilo), kisha bonyeza alama ya √ mara mbili. Jibu lizidishe kwa 70. Hizo ndizo kilokalori, yaani nguvu ya chakula, anazotumia akiwa amelala tu. Mbwa aliye chini ya miezi 4 mpe mara 3 ya hiyo. Kuanzia miezi 4 mpe mara 2.

Mbwa wa miezi 5 mwenye kilo 20: 20 × 20 × 20 ni 8,000. √ ya kwanza inatoa 89.4, ya pili 9.46. Mara 70 ni 662. Mara 2 ni takriban kilokalori 1,324 kwa siku. Chakula kikavu chenye kilokalori 3,600 kwa kilo kitamfaa gramu 368. Sasa linganisha na mbwa wa miezi 3 mwenye kilo 10: hesabu hiyohiyo kwa mara 3 inatoa kilokalori 1,181, yaani gramu 328. Uzito umekuwa maradufu, bakuli limeongezeka gramu 40 tu. Watu wengi huongeza chakula sambamba na kilo, na mwezi wa 5 ndipo mbwa wengi wanapoanza kunenepa.

Hesabu hii ni mahali pa kuanzia. Baada ya wiki 2 mkono wako juu ya mbavu ndio unaoamua: punguza au ongeza asilimia 10. Kilichoandikwa kwenye gunia mara nyingi huzidi mahitaji ya mbwa anayekaa kwenye ua mdogo wa Umoja au Kitengela.

Pima chakula kwa mizani ya jikoni. Kikombe au mkebe hudanganya: anayelisha asubuhi hujaza hadi ukingoni, na bawabu jioni humwaga kilima juu yake, hasa mbwa akimtazama. Pima cha siku nzima asubuhi, kiweke kwenye chombo chenye mfuniko, na kila mtu nyumbani achote humo. Kikiisha kimeisha. Gawanya mara 4 hadi miezi 3, mara 3 hadi miezi 6, kisha mara 2. Usimpe mlo mmoja mkubwa, maana mbwa wenye kifua kirefu wamo hatarini kuvimba tumbo na tumbo lenyewe kujisokota, jambo linaloua kwa saa chache. Mkate, mabaki ya chapati na vitamutamu vingine visizidi sehemu moja kwa kumi ya chakula cha siku.

Kalsiamu: hapa ndipo mifupa inapoharibiwa kwa nia njema

Mantiki inayosikika agroveti ni nyepesi: mfupa ni kalsiamu, mfupa mkubwa unahitaji kalsiamu nyingi, basi mwongezee. Sirapu, vidonge, unga wa mifupa, DCP ileile ya ng'ombe (unga wa madini wenye kalsiamu na fosforasi), na mafuta ya ini la samaki juu yake.

Mbwa mzima akipata kalsiamu nyingi, utumbo wake hufunga mlango na ziada hutoka na kinyesi. Mtoto wa mbwa, hasa kabla ya miezi 6, mlango huo hana. Utumbo wake hunyonya sehemu kubwa ya kalsiamu yoyote inayopita, atake asitake. Damu ikijaa kalsiamu, mwili huacha kuifinyanga mifupa inavyotakiwa: gegedu hushindwa kugeuka mfupa kwa wakati wake, linakuwa nene, linakosa lishe, linapasuka. Vipande vyake huishia ndani ya kiungo cha bega au kiwiko kama changarawe ndani ya kiatu.

Mbwa anayekua anahitaji walau gramu 3 za kalsiamu kwa kila kilokalori 1,000, na kwa mtoto wa aina kubwa kanuni za lishe za Marekani zimeweka kikomo cha gramu 4.5. Mbwa wetu wa kilo 20 anayekula kilokalori 1,324 basi anahitaji kati ya gramu 4 na karibu 6. Chakula kikavu chenye kalsiamu asilimia 1.3 kinampa gramu 4.8 kwenye zile gramu 368. Yuko sawa kabisa. Mwongezee kijiko kimoja cha mezani cha DCP, kama gramu 15, umemwongezea zaidi ya gramu 3. Amefika 8, na bado hujagusa sirapu. Kwa mbwa anayekula chakula kamili cha watoto wa aina kubwa, kalsiamu ya kuongeza ni sifuri.

Ila kuna upande wa pili, na ni kwa sababu hii ushauri wa jirani mmoja unapingana na wa mwingine huku wote wameona kwa macho yao. Mbwa anayelishwa ugali na nyama ya bucha, au ugali na matumbo, kalsiamu haimtoshi hata kidogo. Nyama isiyo na mfupa ina fosforasi mara 15 hadi 20 ya kalsiamu, na ini limezidi hapo. Mwili hukwangua kalsiamu kutoka mifupa yenyewe ili damu isipungukiwe. Mtoto huyo huanza kusimama kwa kifundo badala ya vidole, vidole vinatanuka, na siku moja anaruka kutoka kibarazani mfupa unavunjika kama kijiti kibichi. Huyu anahitaji kalsiamu, kwa gramu zilizopimwa, ikiwa mara 1.2 hadi 1.4 ya fosforasi. Omena, kwa kuwa huliwa na mifupa yake, husaidia kuliko matumbo, lakini kiganja cha omena kwa kukisia si mpango wa lishe. Anayetaka kumlea mtoto wa aina kubwa kwa chakula cha nyumbani ampelekee daktari wa mifugo orodha ya viungo na uzito wake, apangiwe.

Jambo la kawaida zaidi Nairobi ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu: chakula cha gunia kimenunuliwa ghali, kinarefushwa kwa ugali. Ugali una nguvu nyingi na karibu hauna kalsiamu, kwa hiyo mbwa ananenepa huku mifupa yake ikipungukiwa. Kama bajeti haifiki, nadhani ni heri kununua chakula kamili cha bei ya chini na kukitoa chenyewe kuliko kununua cha ghali na kukichanganya.

Kwenye gunia tafuta maneno yanayosema kinafaa kwa ukuaji wa mbwa wakubwa, yaani wale watakaofika pauni 70, takriban kilo 32, na kalsiamu isiyozidi asilimia 1.8. Chakula kinachopimwa kwa kilo kutoka gunia lililofunguliwa sokoni hakina maneno hayo, na hujui kimekaa wazi kwa muda gani. Chenye harufu ya uvundo au chembe za kuvu usimpe mbwa yeyote. Sumukuvu ya mahindi huharibu ini lake.

Jua nalo halimsaidii kama linavyomsaidia mtoto wa binadamu. Ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini D ya kutosha. Huipata kwenye chakula. Chakula kamili tayari kinayo, na mafuta ya ini la samaki juu yake yanaweza kuizidisha hadi kuwa sumu.

Na protini? Kwa miaka mingi wafugaji waliambiwa wapunguze protini ili mifupa isiharibike. Uchunguzi uliofanywa kwa Great Dane huko Utrecht, Uholanzi, haukuona protini ikileta kasoro hizo. Wenye hatia ni nguvu iliyozidi na kalsiamu iliyozidi. Usimnyime nyama kwa hofu hiyo.

Masikio, joto na kuhasiwa

Masikio ya German Shepherd huwatia watu kiwewe. Yanasimama wiki ya 12, yanaanguka mwezi wa 4, moja linasimama jingine linalala. Huo ni wakati wa kuota meno, na kwa kawaida yanatulia kufikia miezi 6 au 7. Sikio limejengwa kwa gegedu lisilogeuka mfupa, kwa hiyo kalsiamu hailisimamishi.

Jike wa aina kubwa anaweza kupata joto la kwanza, yaani kuwa tayari kupandwa, miezi 9 hadi 12, na wapo wanaochelewa hadi mwaka na nusu bila ugonjwa wowote. Kumpandisha joto la kwanza ni kumtaka ajenge mifupa ya watoto 8 huku yake haijaisha. Subiri angalau joto la pili, akiwa amepita miezi 18.

Kuhasi mapema huondoa homoni zinazoyaambia mabamba ya ukuaji yafunge. Mabamba hukaa wazi muda mrefu zaidi, miguu inarefuka kuliko ilivyopangwa, na pembe za viungo zinabadilika. Chuo Kikuu cha California, Davis, kilipotazama kumbukumbu za German Shepherd, kilikuta ugonjwa wa viungo kwa asilimia 7 ya madume yasiyohasiwa na asilimia 21 ya yaliyohasiwa kabla ya mwaka. Kwa majike ilikuwa 5 na 16. Kama ua wako una ukuta na geti linafungwa, subiri apite mwaka. Kama anazurura mtaani na majike wa jirani, ongea na daktari upime hatari zote mbili, kwa maana watoto wasio na mwenyewe nao ni mateso.

Sakafu, ngazi na mazoezi

Utafiti wa Norway uliofuata mbwa wa aina kubwa tangu utotoni uliona kwamba waliopanda na kushuka ngazi kabla ya miezi 3 walipata kasoro ya nyonga zaidi, na waliocheza huru kwenye ardhi laini walipata kidogo. Kwa anayeishi ghorofa ya tatu bila lifti, maana yake ni kumbeba mpaka amekuwa mzito wa kutobebeka. Tailsi za sebuleni ni tatizo jingine. Mtazame anapoamka: miguu ya nyuma inateleza kwenda kando, anajivuta, anateleza tena, na kila mara nyonga inachezeshwa. Tandika zulia au mkeka wa mpira pale anapolala na pale anapokula.

Kanuni ya dakika 5 za matembezi kwa kila mwezi wa umri inasemwa sana, ila haina utafiti nyuma yake. Kinachodhuru ni kurudia mwendo mmoja asioweza kuuacha: kukimbizwa kando ya baiskeli, kuruka kutoka nyuma ya pikapu, kurushiwa mpira mara hamsini kwenye kabro. Mwache acheze kwenye nyasi, alale atakapo. Msitu wa Karura ukimpeleka kwa kamba, mfuate mwendo wake, na akikaa chini usimvute.

Akianza kuchechemea

Kati ya miezi 5 na 18 kuna maumivu ya mifupa mirefu yanayohama mguu mmoja kwenda mwingine, hasa kwa German Shepherd, na hupona yenyewe. Lakini huwezi kuyatofautisha na gegedu lililopasuka kwa kutazama. Mpe mapumziko, na akichechemea zaidi ya siku 2 au 3, au akipata homa, au juu ya vifundo vya mbele pakivimba na kuwa moto, au akikimbia kwa kurusha miguu ya nyuma pamoja kama sungura, mpeleke kwa daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Vetinari ya Kenya. Kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete pia huhudumia mbwa. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu, ibuprofen au diclofenac, iliyoko kabatini. Hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo.

Kuna uvimbe mmoja usio ugonjwa. Shika mguu wa mbele, juu tu ya kifundo, upande wa ndani, upapase taratibu. Kwa mtoto wa aina kubwa wa miezi 3 hadi 6 utakuta kinundu kigumu, sawa miguu yote miwili, kisicho na moto wala maumivu. Ni kinundu hiki ambacho watu hukiita matege na kukinunulia kalsiamu. Ni bamba la ukuaji lenyewe, likiwa kazini. Mwezi baada ya mwezi litapungua, na siku vidole vyako vitakapoteremka mguuni bila kugonga kitu, mguu ukiwa mnyoofu kutoka kiwiko hadi kanyagioni, bamba hilo limekaribia kufunga na unaweza kuanza kuzungumza na daktari kuhusu kumhamishia chakula cha mbwa wazima.